Goti la Elieth

Ipuli, nyuma ya kanisa,
Tabora.
Ijumaa, 9 Mei 2025

Mpendwa Dada Eustadia,

Shikamoo dada. Hata kwenye karatasi naanza na shikamoo, maana mama alitulea hivyo. Hujambo? Shemeji Raymundi na watoto hawajambo? Presha yako je, bado unakunywa dawa kila asubuhi, au umerudia ule mchezo wako wa kuziruka ukijisikia vizuri? Usiziruke. Wiki hii hasa, nakuomba usiziruke.

Sisi huku tunapumua. Mvua zimekatika na baridi ya asubuhi imeanza, ile inayotufanya tujifunge khanga mbili. Mama yuko Usoke, hajambo, isipokuwa mgongo na macho. Amemaliza kung'oa karanga zake. Amekutunzia michembe ya viazi vitamu, anasema ya huko mjini kwenu imejaa mchanga.

Najua unajiuliza kwa nini ninaandika wakati simu ninayo. Nimekupigia mara tatu tangu Jumanne. Ukisema tu "Haloo, Marcelina," nakata. Ulinitumia ujumbe kwamba mtandao wa Tabora ni mbovu. Dada, mtandao ulikuwa mzima. Barua hii nampa Mzee Tobia, jirani yetu, ambaye kesho anapanda basi kuja kumwona binti yake Mbagala. Ameahidi kuikabidhi mkononi mwako. Ukiipokea, kaa chini kwanza.

Ni Elieth.

Unakumbuka mpira ulivyoanza, maana picha nilikutumia. Mwalimu Anton alikuja hapa nyumbani miaka miwili iliyopita, akakaa kwenye kochi letu, akasema timu yake ya wasichana inamhitaji huyu mtoto. Alisema ana mguu wa kushoto ambao hajauona kwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Sikuwahi kumwona Xavery akicheka vile. Wewe unamfahamu shemeji yako, akirudi kutoka dukani kwake Isevya, mikono imejaa grisi ya pikipiki, alikuwa anakula kimya na kusinzia. Mpira ukamfungua mdomo. Akawa anaingia mlangoni akiuliza, "Elieth, leo mlifanya nini?" Na mtoto anamweleza, hatua kwa hatua, mpaka chai inapoa. Nisikudanganye, hata mimi nilipenda. Nilishona namba za jezi za timu nzima kwa mkono wangu.

Kisha tukaona Kornel asijione ameachwa. Mwalimu wake alisema ana pumzi, tukamwandikisha riadha. Ndipo Xavery akabandika ratiba nyuma ya mlango wa sebuleni. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Elieth, saa kumi na moja na nusu alfajiri na tena jioni. Jumanne na Alhamisi, Kornel, mbio za barabara ya Kwihara. Jumamosi mechi. Jumapili bonanza, mara Nzega, mara Urambo, mara Sikonge. Baba anambeba huyu kwa pikipiki, mimi namfuata yule kwa bajaji, cherehani inalala siku mbili bila kuguswa.

Chakula kikawa cha hotipoti. Zilikaa nne mezani, kila mtu na yake, kila mtu na saa yake. Kuna wiki niliosha vyombo siku saba bila kuona watu wawili wakila pamoja. Misa tukawa tunagawana, mmoja ya kwanza, mwingine ya pili, wengine hakuna. Krismasi mama alitusubiri Usoke na jogoo, sisi tukawa Nzega kwenye fainali. Alinipigia saa tisa mchana kuuliza kama tumepata ajali. Nikamwambia hapana mama, tumepata ushindi.

Nilipaswa kuona mapema. Sasa naona kila kitu, na hilo ndilo linalonimaliza.

Mwezi wa kumi mwaka jana, kwenye Misa, watu wote walipiga magoti, Elieth akabaki ameketi. Nikadhani ni kiburi cha umri. Nilimfinya pajani, dada. Nilimfinya pale pale juu ya goti lenyewe. Alifumba macho, akashuka polepole, akapiga goti moja tu. Nikaona vizuri kwamba ni moja, nikageuka kusikiliza somo.

Baada ya hapo akaanza kuvaa soksi ndefu hata ndani ya nyumba. Dawa ya kuchua niliyonunua kwa ajili ya mgongo wangu ikaisha kabla sijaigusa mara tatu. Kwenye ngazi za mlango wa nyuma akawa anashuka kwa mguu mmoja, kisha anauleta wa pili, kama bibi. Nilimwambia Xavery. Akasema, "Anarefuka. Mifupa inauma mtoto akirefuka." Alikuwa anarefuka kweli. Nikaridhika.

Katikati ya Februari tulikuwa njiani kwenda Urambo, gari la timu na sisi wazazi, mvua ikapiga mpaka uwanja ukawa bwawa. Wakatupigia kwamba mechi imeahirishwa. Xavery alitaka turudi, Kornel awahi mazoezi ya ziada ya jioni. Nikamwambia tuko Usoke tayari, tushuke tumsalimie mama. Akatazama saa, akakubali.

Dada, ile ilikuwa siku nzuri. Tulikaa wote wanne kwenye mkeka, mabani ya jirani ya kukaushia tumbaku yanafuka moshi, tukala ugali na uyoga wa mvua mpya. Kornel alichekesha watu. Mama akamwambia Elieth avue soksi ampake mafuta miguu iliyopauka, kama alivyokuwa akitufanyia sisi. Akaiweka miguu ya mjukuu mapajani mwake, akawa anapaka huku anaimba kwa Kinyamwezi. Mara akanyamaza. Mkono wake ulikuwa umesimama.

"Marcelina, njoo uweke mkono hapa."

Nikaweka. Chini kidogo ya goti kulikuwa na kitu kigumu, si nyama, na ngozi yake ilikuwa ya moto.

"Hili limeanza lini?" mama aliuliza.

Nikamtazama Xavery. Xavery akanitazama mimi.

"Alipigwa teke Jumamosi, mama," akasema Xavery.

Mama aliendelea kupapasa, akasema, "Teke halina mizizi." Kisha akaniambia mimi, si Xavery, "Kesho kutwa mpeleke hospitali."

"Nitampeleka, mama."

Nilisema hivyo, nikiwa namaanisha. Tulipofika nyumbani nikasimama mbele ya ratiba mlangoni kutafuta siku. Kesho kutwa ilikuwa mazoezi ya mchujo wa timu ya mkoa. Wiki iliyofuata ilikuwa mbio za Kornel. Halafu mchujo wenyewe. Halafu kambi. Nikapitisha kidole siku baada ya siku mpaka baada ya Pasaka. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika: *Elieth hosp., tarehe 22 Aprili.* Miezi miwili mbele, dada. Mwandiko ule ni wangu. Xavery hakuniambia niandike, Anton hakunilazimisha. Na mama alipopiga simu kuuliza, nikamwambia ameshapangiwa tarehe, kana kwamba daktari ndiye aliyepanga.

Mchujo ulikuwa mwanzoni mwa Machi, hapa hapa mjini. Elieth alifunga mabao mawili. Nilimwona akikimbia na nikajisemea, mtoto mgonjwa hakimbii hivi. Wakasoma majina, lake likawa la tatu. Tulipotoka nje, baba yake akawasha pikipiki, yeye akasimama kando yake bila kupanda. Akajaribu kuinua mguu. Akajaribu tena. Xavery akashuka, akambeba mikononi kama mtoto mchanga akamweka juu ya kiti. Watu walidhani ni furaha ya ushindi, wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, nikauona uso wa mwanangu. Nami nikapiga makofi.

Jumatano ya Juma Kuu, asubuhi, alikuwa jikoni na mimi. Hakuwa anakimbia, hakuna aliyemgusa. Aligeuka tu kuchukua sahani. Nikasikia sauti kama ukuni mkavu unapovunjwa kwa goti, na mtoto akawa chini. Hakulia kwanza. Alinitazama akasema, "Mama, samahani." Kisha ndipo akapiga kelele ambayo sijui kama nitaacha kuisikia.

Hospitali walimpiga picha. Daktari, mama mmoja mpole, aliiinua picha kwenye mwanga wa dirisha. Akamwita mwenzake. Wakanong'ona. Kisha akatugeukia.

"Huu mfupa haukuvunjika kwa kuanguka. Ulikuwa umeshaliwa. Goti hili limeanza kuuma lini?"

Mimi nikasema Februari. Xavery, kwa wakati ule ule, akasema wiki chache. Elieth, akiwa amelala pale kitandani, akasema, "Mwezi wa kumi."

Xavery akamwinamia. "Mwezi wa kumi? Kwa nini hukuniambia, mama?" Unajua humwita mama, kwa sababu ya jina la marehemu mama yake.

Akasema, "Ningesema, baba, Jumapili ungefanya nini?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu na kuamua. Alisema baba anacheka siku za mechi tu. Alisema mama ameshashona namba. Alisema Kornel naye angeachishwa mbio, maana pikipiki ni moja. Mtoto wa miaka kumi na minne. Unakumbuka baba yetu alivyokuwa akituambia habari za mababu waliobeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka pwani? Alisema mpagazi anayelalamika humsumbua kiongozi wa msafara, lakini asiyelalamika ndiye anayefia njiani. Tulikuwa tunacheka, tukidhani ni hadithi za zamani.

Walimfunga mguu, wakachukua kipande kidogo cha mfupa kukipeleka Mwanza kupimwa. Pasaka tuliila wodini, kisha wakaturuhusu kurudi naye nyumbani. Tukasubiri karibu wiki tatu. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa nawasha redio ili nisikie mtu akizungumza. Mwalimu Anton alikuja na jezi ya Elieth iliyokunjwa vizuri. Akasimama mlangoni, hakutaka kuketi. "Nilikuwa namwona anachechemea, mama Elieth," akasema. "Nilimpa bandeji na vidonge vya maumivu. Nilidhani nyumbani mnajua." Sikuweza kumkasirikia. Mimi nilikuwa nadhani uwanjani wanajua.

Siku moja Kornel akaniambia, "Mama, na mimi goti linauma." Sikumbuki nilivyofika alipo. Xavery aliacha chai ikamwagika. Tukamlaza, tukamvua, tukapapasa miguu yote miwili kuanzia nyonga mpaka vidole. Hakuna kitu. Baba yake akamwuliza, "Wapi, mwanangu? Onyesha wapi." Mtoto akaanza kulia. "Hapaumi," akasema. "Nilitaka mnishike." Ana miaka kumi, dada. Tulikaa pale chini wote watatu, Xavery amemshika mguu.

Majibu yalikuja Jumanne. Ni saratani ya mfupa. Daktari alitueleza taratibu, akarudia mara mbili, bila kutulaumu, na ningependa angetulaumu. Inabidi tuje huko Dar, kwenye hospitali ya wagonjwa wa saratani, bila kuchelewa. Kuna dawa za kutundikiwa kwanza, miezi kadhaa. Na mguu, alisema, uwezekano mkubwa wataukata, juu ya goti. Xavery aliposikia neno "kukata" akasimama, akatoka nje. Nilimwona dirishani akizungukazunguka kwenye maegesho kama mtu aliyesahau alikoegesha.

Alipokuwa nje, daktari akafunga mlango. Akaniambia kwamba kwenye picha ya kifua ameona vidoa viwili, upande wa kulia. Vidogo. Wataviangalia huko kwenu kwa mashine kubwa zaidi. "Inaweza isiwe kitu," akasema, lakini alipokuwa anasema alikuwa anatazama meza. Sikumwuliza ikiwa ni kitu, ni kitu gani. Wewe ndiye mtu wa kwanza ninayemwambia hilo. Nimelibeba siku tatu. Lakini nikikaa nalo nitakuwa nimerudia yale yale, kila mmoja kudhani mwenzake anajua. Nikimaliza kuandika natembea mpaka Isevya kumwambia Xavery, dukani kwake, mchana huu, kabla ujasiri haujaniishia. Naogopa uso wake kuliko ninavyoogopa jibu.

Amebadilika sana. Hasemi. Jumamosi iliyopita, saa ile ile ya mechi, alivaa fulana yake, akawasha pikipiki, akaenda uwanjani. Anton ananiambia alisimama kwenye kona anayosimama siku zote, dakika tisini, hakumsalimia mtu. Aliporudi, akabandua ratiba mlangoni. Hakuichana. Aliikunja akaiweka mfukoni, na mpaka leo anatembea nayo.

Jana nilimweleza Elieth kuhusu mguu. Daktari alishauri aambiwe na mama yake kabla ya safari. Nilikaa kitandani kwake, nikaeleza vibaya, nikirukaruka maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Baba anajua?"

"Anajua."

"Amelia?"

"Amelia."

Nikadhani atapiga kelele, nikajiandaa. Badala yake akauliza nani anamsindikiza Dar.

"Wote," nikasema. "Baba anafunga duka. Kornel tumemwombea ruhusa shuleni."

"Wote wanne? Kwenye treni moja?"

"Wote wanne. Chumba kimoja cha kulala."

Dada, mtoto akatabasamu. Tabasamu lenyewe, la meno yote. Akamwita Kornel, akamwambia achague kitanda cha juu. Akaniambia nipike maandazi, tubebe karata, tusilale mpaka Dodoma. Tangu jana anapanga nguo kwenye begi la mazoezi, anazitoa, anazipanga upya, na anaimba. Mimi niko huku cherehanini namsikia, nakata nguo za kulalia mpya, na mkasi unaacha mstari wa chaki.

Tunaondoka Jumatano tarehe 14 na kufika Alhamisi, Mungu akijalia. Daktari alipendelea treni ili alale na mguu umenyooka. Naomba shemeji Raymundi aje stesheni na gari la kukodi lenye kiti cha nyuma kipana. Naomba utandike godoro chini sebuleni, tutalala hapo wote, asipande ngazi. Usilie mbele yake, jifunze kabla hatujafika. Kuhusu mpira sijui nikuambie nini, pengine yeye mwenyewe atauliza nani anavaa namba yake. Umjibu kweli. Nyumba hii imekwisha kunyamaza vya kutosha.

Mama bado hajui majibu. Ameniuliza jana, nikamwambia tunakuja kwako kupima zaidi. Akasema, "Mwambie Eustadia aandae chumba cha muda mrefu." Nadhani anajua. Nadhani alijua tangu siku ile ya mafuta.

Wasalimie sana shemeji Raymundi na watoto wote, umwambie na dada Yustina wa jumuiya yenu mkionana Jumapili atuombee rozari. Mama anakusalimu, Xavery anakusalimu japo kwa kichwa tu, Kornel anauliza kama bahari inaonekana kutoka kwenu. Elieth anasema, "Mwambie mama mkubwa tunakuja wote." Mungu akulinde, akupe nguvu za kutupokea, na atufikishe mlangoni kwako kama tulivyo sasa, bila kupungua hata mmoja.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Marcelina